Tupeane uzoefu: Anaimba mpaka ishirini, ukimwomba vitano anazoa vyote

Mtoa mada: Wakuu, nazungumzia watoto wa miaka 3 hadi 5. Namba anazitiririsha, ila ukisema "nipe vizibo vitano" anakuletea vyote. Mnaofundisha awali, tupeni hatua.

Mchangiaji wa 1: Kuimba namba si kuhesabu. Weka vizibo 10 na bakuli tupu. Omba 1, akizoea omba 2, kisha 3. Usipande kama bado anabahatisha. Akikosea, "hesabu tena" haimsaidii. Mwambie avipange mstari, achukue kimoja kimoja na kukidondosha bakulini, kila kizibo neno moja. Wengi hukosea kwa sababu mdomo unakimbia kuliko kidole, au vilivyohesabiwa vimechanganyika na visivyohesabiwa. Akimaliza muulize "viko vingapi?" Akianza upya kutoka moja, hajajua bado kwamba neno la mwisho ndilo idadi.

Mchangiaji wa 2: Hapo kwenye neno la mwisho, litamke wewe huku ukivizungushia mkono: "moja, mbili, tatu... vizibo vitatu." Halafu Kiswahili kina mtego wake. Anaimba "mbili", lakini vizibo ni viwili, mawe mawili, watoto wawili. Sita, saba na tisa hazigeuki. Ngeli msahihishe baadaye, ukimkatiza katikati idadi inapotea. Kumi na moja, kumi na mbili zinajieleza zenyewe. Kazi iko kwenye ishirini na thelathini, maana ndani yake husikii "mbili" wala "tatu". Funga vijiti kumikumi, mpe mafungu mawili: "makumi mawili, ishirini."

Mchangiaji wa 3: Panga safu mbili za vizibo 6, zilingane. Tanua moja mbele ya macho yake, uulize ipi ina vingi. Wa miaka 4 kwa kawaida atakuonyesha ile ndefu. Msibishane naye! Mpe vijiti aunganishe kila kizibo na mwenzake wa safu ya pili, aone hakuna kilichobaki peke yake.

Mtoa mada: Na wa chini ya miaka 3?

Mchangiaji wa 1: Vizibo weka mbali, vinakaba. Kitu kinachopita kwenye kile kibomba cha ndani ya toileti pepa ni kidogo mno kwake. Tumia vikombe, na usivuke vitatu.