Ukoo wa Chumbageni: Khamis kaingia jangwani

JUMAPILI

Khamis: Asalaam alaikum nyote. Shikamoo mama, shikamoo mjomba. Tumefika Marree salama, karibu kilomita 700 kutoka Adelaide, huku huku Australia. Kesho tunaianza njia ya Oodnadatta, vumbi tupu mpaka basi.

Mama: Marahaba mwanangu. Watoto wamekula?

Khamis: Wamekula, wako hemani na masweta mawili mawili. Huku Julai ndiyo kipupwe chenyewe, usiku inakaribia sifuri.

Mama: Jangwa gani tena la baridi 🤔

Mjomba Athumani: Marahaba. Maji?

Khamis: Lita 80, tuko wanne. Dizeli tangi limejaa na madumu mawili juu.

Mjomba Athumani: Spea?

Khamis: Ipo mjomba. Gari la kukodi hili, wenyewe wamelikagua.

Mjomba Athumani: Sijauliza kama ipo. Umeishusha ukaibonyeza?

Khamis: 😂😂 Kesho asubuhi inshallah

Khamis: [picha] Mama tazama, msikiti. Ule wa asili ulijengwa na wenye ngamia karne ya 19, huu wameujenga kuuiga. Wao ndio waliobeba mizigo nyika hii yote kabla ya reli. Wazungu wakawaita Waafghani wote, kumbe wengine Mabulushi, wengine Wahindi.

Shangazi Mwanaidi: Mabulushi! Kumbe hawa watu wako kila mahali

Mama: Mashaallah. Mmeswali?

Khamis: Tumeswali mama. Kuanzia kesho mtandao hakuna. Jumanne jioni tutakuwa mji wa Coober Pedy, nitawapigia.

JUMATANO

Mama: Khamis

Mama: Khamis mwanangu

Mama: Zuhura ujumbe wangu una tiki moja tu tangu jana

Zuhura: Mama hakuna mtandao, alishasema.

Mama: Alisema Jumanne. Leo Jumanne?

Zuhura: Nimeingia ukurasa wa serikali ya kule wa hali ya barabara. Njia imefungwa, mvua.

Mama: Imefungwa na mwanangu yumo ndani?? Ya Rabbi

Mjomba Athumani: Dada, hiyo ndiyo habari njema. Njia ikifungwa kila mtu anakaa alipo, ukipita unapigwa faini. Mimi njia ya Kigoma kabla ya lami nimelala porini siku nne, nikarudi nimenenepa. Maji anayo. Anayekufa nyika zile ni yule anayeacha gari akaenda kwa miguu kutafuta msaada.

Mama: Athumani usinitajie kufa

Mjomba Athumani: Nimenyamaza.

ALHAMISI

Khamis: Tupo Coober Pedy!! Alhamdulillah, wote wazima. Mama nisamehe.

Mama: 😭😭😭 Nipigie

Khamis: Nimeshaongea na mama, sasa nawaambia nyie. Jumatatu mchana tulipiga kambi Coward Springs, stesheni ya zamani ya reli. Mitende ipo mama, mitende kabisa kama Maskati, na kidimbwi cha maji ya uvuguvugu yanayotoka ardhini. Watoto wakagoma kutoka humo. Usiku mvua. Asubuhi naitoa gari mita hamsini tu, ule udongo ukilowa ni sabuni ya kipande. Tope lilijaa kwenye madigadi mpaka tairi likagoma kuzunguka. Nikalichokoa na mwiko wa Rukia wa ugali.

Rukia: Mwiko wangu mpya. Andika na hilo.

Khamis: Leo wamefungua njia. Hatujafika William Creek, jiwe, pancha. Nashusha spea…

Mjomba Athumani: Sema.

Khamis: Imelala kama chapati mjomba. Asubuhi ile ya Marree watoto walikuwa wanalia tuondoke, nikasahau.

Mjomba Athumani: 🙂

Khamis: Tukakaa saa mbili, hapiti hata kunguru. Mwisho likaja greda linalolainisha njia baada ya mvua. Yule mzee wa greda ana kompresa, akaijaza, akanifungia mwenyewe. Hela hataki. Kanywa chai ya tangawizi vikombe vitatu.

Shangazi Mwanaidi: Mungu amlinde. Na waliowakodisha je?

Khamis: Nimewapigia, wanasema ilikuwa na upepo wakati nachukua gari. Nitapambana nao nikirudi.

Zuhura: Mlipokaa ni porini kabisa au kuna vijiji?

Khamis: Vijiji gani. Ile ni ranchi ya ng'ombe ya Anna Creek, wanasema kubwa kuliko zote duniani, kilomita za mraba zaidi ya 15,000.

Mjomba Athumani: Hiyo si zaidi ya nusu ya mkoa wa Tanga?

Khamis: Ndiyo mjomba. Ng'ombe watupu.

Mama: Sasa mnalala wapi leo, msiniambie hemani

Khamis: Hemani mama, lakini chini ya ardhi 😄 Mji huu wanachimba vito vya opali tangu 1915, na nyumba nyingi zimechimbwa mwambani sababu kiangazi joto linapita 40. Tumepiga hema ndani ya pango.

Mama: Mnajifukia wazima wazima? Subhanallah

Mama: Rukia, watoto wavae soksi

Rukia: Wamevaa mama. Humu hamna hata baridi.

Khamis: Kesho nanunua tairi jipya, keshokutwa Uluru, lile jiwe kubwa jekundu, inshallah. Njia ya lami.

Mjomba Athumani: Ukishanunua, piga picha umelibonyeza kwa kidole. Kidole kionekane.