Kanula ikae wapi kwa mgonjwa anayetembelea magongo?

Wakuu, nina mwezi wa pili wodi ya mifupa na kanula, vile vimrija vya plastiki vya kupitishia dawa na dripu mshipani, zinanitoa jasho. Nilikotoka nilizoea mgongo wa kiganja: mshipa unaonekana, unachoma, kazi imeisha. Huku mtu kabadilishiwa goti, kesho yake anasimamishwa na fremu ya kutembelea. Juzi mama mmoja kapiga hatua nne tu, damu ikarudi kwenye mrija na plasta ikaachia. Nilipokuja kumchoma mara ya tatu akaniuliza, "Mwanangu, mikono yangu imekukosea nini?" Nichome wapi?

Zamu ya Usiku: Anayeegemea mikono, kiganja na kifundo cha mkono achana navyo. Kwenye kiwiko napo kila akikunja mkono pampu ya dripu inapiga kelele. Nenda kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo. Mshipa wa pale mara nyingi huuoni, unausikia kwa kidole, kwa hiyo funga tonikete (mkanda wa kubana mkono), aning'inize mkono, upapase bila haraka. Kanula ya pinki (geji 20, yaani unene wake) inawatosha wengi. Kama huenda akaongezewa damu, weka ya kijani (geji 18), nene zaidi.

Fundi Viungo: Kabla hujachoma, uliza atatembelea nini. Mkongojo mmoja hushikwa upande wa mguu mzima, basi kanula iende mkono wa upande wa mguu mbovu. Magongo yenye pete ya kukumbatia mkono chini ya kiwiko yana mtego wake: pete inakaa juu ya kigasha, kwa hiyo shuka kidogo, ila usifike kifundo. Fremu ya kulazia mikono inabana kigasha chote. Hiyo tuongee kwanza.

Muuliza swali: La pete sikuwahi kuliwaza! Na mguuni je? Mguu wake wa pili una mishipa mizuri kweli.

Zamu ya Usiku: Usijaribu. Mtu mzima aliyetoka kupasuliwa nyonga au goti tayari yuko kwenye hatari ya damu kuganda miguuni. Halafu, dripu yenyewe bado ya nini? Kama ni sindano za kila baada ya saa nane, sukuma maji ya chumvi, funga kifuniko, atembee bila mrija. Akishaanza vidonge na hakuna dawa ya mshipa iliyobaki, muulize daktari, uitoe.

Muuliza swali: Mrejesho: kigasha cha kushoto, mara moja tu. Mama kafika mlangoni na kurudi, kanula ipo. Sasa analalamika plasta inamvuta vinyweleo.