Chai na maandazi nguvu inakata saa nne, kiporo kinanifikisha saa nane. Kwa nini?

Guta la Buguruni:
Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Mimi ni mtu wa guta la kukanyaga, nachukua mzigo Kariakoo napeleka Buguruni, mara nyingi saruji au madumu ya mafuta ya kula. Saa kumi na moja alfajiri nimeshatoka, napitia kwa mama ntilie: chai ya rangi sukari vijiko vinne, maandazi mawili. Ikifika saa nne miguu imekuwa mlenda, mikono inatetemeka. Ila siku nikikuta kiporo cha ugali na maharage nyumbani, saa nane bado nakanyaga. Mwenzangu akanipa ile glukosi ya unga ya duka la dawa. Nikachangamka kidogo, baadaye nikajikuta nimelala juu ya mzigo. Chakula kinageukaje nguvu, na mbona kingine kinakimbia mapema?

Mtoto wa Ilala:
Mkuu hiyo inaitwa njaa 😂 Na vijiko vinne, unashindana na nyuki?

Mwalimu Chaki:
Anatania lakini kapatia. Nafundisha baiolojia, na kila mwaka nawachomea wanafunzi punje moja ya karanga chini ya kichupa cha maji. Inawaka kama mshumaa, maji yanapata moto, darasa zima kimya. Mwilini mwako mambo ni hayohayo, ila hakuna moto. Andazi na ugali vyote ni wanga. Utumbo unauvunja kuwa glukosi, yaani sukari nyepesi, damu inaibeba mpaka kwenye seli, na humo inaunguzwa polepole kwa oksijeni unayovuta. Unapata nguvu ya kukanyaga, na joto, ndiyo hilo jasho lako. Moshi wake ni kaboni dioksaidi unayoihema.

Sasa hesabu. Damu yako yote ina glukosi kama gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Akiba iko kwenye ini, kama gramu 100, na misuli ina kama 400. Ya ini imeliwa usiku kucha, maana ubongo haulali. Unaamka ghala limepungua, halafu unaweka nini? Vijiko vinne ni gramu 16 hivi. Kila gramu ina kilokalori 4 (ndicho kipimo cha nguvu ya chakula), jumla 64. Guta lenye saruji linaweza kula zaidi ya 400 kwa saa. Ongeza maandazi yako mawili, bado hufiki mbali. Robo kilo ya unga wa mahindi peke yake inakaribia 900. Hiyo glukosi ya dukani haina ubaya, inaingia damuni haraka, ila kijiko ni kijiko.

Guta la Buguruni:
Mwalimu nimekupata. Na maharage yanafanya nini pale?

Mwalimu Chaki:
Yanachelewesha. Nyuzinyuzi na protini zake zinafanya wanga uingie damuni kidogokidogo. Mafuta nayo yanakaa tumboni muda mrefu, na gramu moja ina kilokalori 9. Ndiyo maana karanga yangu inawaka vile.

Nesi wa Zamu:
Kaka, kutetemeka huko kukiendelea hata siku uliyoshiba, au ukiwa na kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara, kapime sukari. Ukiona unahema sana kwa mzigo uleule wa siku zote, wapime na wingi wa damu. Madini ya chuma hayaungui yakatoa nguvu, ila bila hayo damu haibebi oksijeni ya kutosha. Na hiyo chai ya rangi usiinywe pamoja na maharage, inazuia chuma kufyonzwa. Isubirishe kama dakika 60 baada ya kula.

Guta la Buguruni:
Dada hapo kwenye chai umenigusa pabaya. Tatizo lingine, maharage ya mama ntilie yanaiva saa tatu asubuhi. Nimeongea na mke wangu, atakuwa anaongeza sufuria usiku. Karanga nitaweka mfukoni, nitafune nikiwa kwenye foleni pale Ilala.

Mtoto wa Ilala:
Ukifika Ilala nigawie.