Naenda Berlin mwezi wa 12, nipige picha gani zenye stori?

kijana_wa_pasua
Wakuu habari za jioni. Mimi niko hapa Moshi, dada angu kanitumia mwaliko naenda kumtembelea Berlin mwezi wa 12, kamera ninayo ila lensi ni hii ya 50mm tu. Sasa sitaki kurudi na picha za mimi na koti mbele ya geti la Brandenburg, hizo kila mtu anazo, nataka nikimuonyesha mtu hapa Pasua aulize hapo ni wapi na ilikuwaje. Nianzie wapi? Na wazungu ukiwapiga picha barabarani hawaleti noma? Natanguliza shukrani.

Fundi_Njiro
Anza na dinosaria wa kwetu mkuu, usicheke. Pale Museum für Naturkunde, makumbusho yao ya viumbe na asili, kuna mifupa imesimama zaidi ya mita 13 kwenda juu, hakuna dinosaria mwingine aliyesimamishwa akafika urefu huo duniani, na imetoka Tendaguru kule Lindi. Wajerumani walichimba 1909 mpaka 1913, Maji Maji ndio kwanza imeisha, watu wa kule wakawa wanabeba mifupa kwa mguu siku kadhaa hadi bandarini Lindi, zaidi ya tani 200 mzigo wote. Msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani, jina hilo liandike kwenye maelezo ya picha maana wanaosifiwa siku zote ni maprofesa.
Ila kwa hiyo 50mm utaambulia goti 😂 tafuta 18mm inayochukua eneo pana, piga wima, na usibonyeze mpaka mtu apite chini ya miguu yake ndio ukubwa uonekane. Flashi zima.

Mama_Kiboriloni
Mwanangu ukifika huko panda treni uende Potsdam, ni jirani tu. Kuna ikulu inaitwa Neues Palais, ina ukumbi kuta zote zimepachikwa makombe ya baharini na mawe, yule Mjerumani Hans Meyer alipofika kileleni Kilimanjaro 1889 alibeba jiwe akampa Kaisari na likawekwa humo. Mlima wetu huu huu unaouona ukifungua dirisha. Na kabla hujaondoka panda kwanza Old Moshi ukapige ule mti wa Mangi Meli, chifu wa Wachaga wa pale, Wajerumani walimnyonga 1900 na inasemekana kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, ukoo unakitafuta mpaka leo. Picha ya huku na ya kule uziweke pamoja, mtu ataelewa hata usipoandika sana.

chuga_mtaani
Shikamoo mama. Ila jamani mnampa kijana safari ya misibani tupu, apige na maisha bana, watu kwenye treni, masoko ya Krismasi, wabongo wenzetu wanavyopambana na baridi. Kuhusu watu, Ujerumani kuposti sura ya mtu bila ruhusa yake ni kesi, sheria yao hiyo ipo tangu 1907, kwahiyo kama mtu ndio picha yenyewe muombe, akikataa piga mgongo au kivuli. Na mwanga ni mchache sana, mwezi huo jua linatoka saa mbili asubuhi na kabla ya saa kumi jioni limeshazama, betri nazo baridi inazimaliza, ya akiba iweke mfuko wa ndani wa koti.
Halafu tukirudi kwenye historia mnayoipenda, mtaa wa Wedding kulikuwa na barabara ya Petersallee, mwanzoni ilipewa jina la Carl Peters yule mkoloni wa Kijerumani, 2024 wakaibadilisha, kipande kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Kibao cha barabara Berlin kimeandikwa Maji Maji, mimi hiyo ndio ningeipiga ya kwanza.

kijana_wa_pasua
Shikamoo mama, asanteni sana wakuu, hiyo ya Maji Maji sikuwa naijua kabisa. Old Moshi napanda jumamosi. Lensi ya 18 ndio kizungumkuti, mpya bei haishikiki.

Fundi_Njiro
Ninayo 18-55 imekaa tu kabatini. Kama kamera yako ni Canon njoo Njiro uichukue, ila kwenye ndege ibebe mkononi, usiitupe kwenye begi la mizigo.

kijana_wa_pasua
Ni Canon mkuu! Nacheki inbox sasa hivi.