Naomba ushauri: grili za dirisha na njia ya kutokea moto ukizuka

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Jumamosi nilihudhuria maonyesho ya usalama mtaani kwetu hapa Dar es Salaam. Askari wa zimamoto alituonyesha kuzima moto wa mtungi wa gesi kwa taulo lililoloweshwa, akatukumbusha namba 114, kisha akauliza: "Moto ukiwa mlangoni, unatokea wapi?" Nilikosa jibu, na tangu siku hiyo silali vizuri.

Nyumba ni ya kupanga, vyumba viwili na sebule, mlango mmoja tu. Jiko liko hatua tatu kutoka mlangoni, na mtungi uko hapo hapo. Madirisha yote yana grili za kuchomelea. Naishi na watoto wawili na mama, ambaye amepooza upande wa kushoto.

Mwenye nyumba ameridhia nikate grili ya chumba cha mama. Fundi anataka kuweka bawaba na kufuli kwa ndani, ila ufunguo ndio unanitia hofu. Juzi usiku nilizima taa nikajaribu kutafuta ule wa mlango: droo nzima niliimwaga chini, mama ananiita gizani, sijaupata.

Kwa mliokwisha kufanya hivi, ni komeo gani linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, na mwizi asilifikie kwa mkono akivunja kioo? Na je, mgonjwa aliyepooza anatolewaje kwenye dirisha la kimo cha kifua, tukiwa mimi na mwanangu wa miaka 13 tu?