Excel: jumla zageuka #REF! nikizibandika karatasi nyingine

Wakuu, natayarisha ankara za duka la leso hapa Biashara Street. Nikinakili safu D ya jumla kwa Ctrl+C, nikaibandika safu A ya karatasi mpya kwa Ctrl+V, napata kosa la #REF! tupu. Kwa nini?

— Kaka, umebandika fomyula, si namba. =B2*C2 iliyoko D2 hutafuta seli mbili za kushoto kwake, na kushoto ya safu A hakuna kitu. Bonyeza Ctrl+Z urudi nyuma. Nakili tena, kisha Ctrl+Alt+V ufungue dirisha la Paste Special, halafu V (Values, yaani namba tu bila fomyula), Enter.

— Au Alt, H, V, V, moja baada ya nyingine, usizishikilie pamoja. Ukigusa Esc kabla ya kubandika, ule mstari unaotembea kuzunguka seli hupotea, nakili upya.

— Kwenye LibreOffice Calc, programu nyingine kama Excel, dirisha hilo la Paste Special hufunguka kwa Ctrl+Shift+V. Na tafadhali usifute karatasi ya kwanza: bei ikibadilika, namba zilizobandikwa hivi hazibadiliki.