MREJESHO: Taa ya tangi dogo la samaki lenye mimea

Wakuu, miezi 3 iliyopita niliuliza taa gani itafaa tangi langu la lita 40 la maji baridi (yasiyo ya chumvi), maana mimea ilikuwa inageuka njano na kuoza. Nilifuata ushauri wa LED nyeupe ya kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga), wati 10. Mmea wa anubiasi umetoa majani mapya, na ule wa valisneria umeshafika juu ya maji!

Mwanzoni niliiwasha saa 12 kwa siku, vioo vikajaa mwani. Aliyesema nifunge taima, iwake saa 6 tu kwa siku, na tangi nilitoe dirishani, Mungu akubariki sana: mwani umebaki kidogo pembeni. Ile mimea myekundu imekufa yote, mwanga huu haukuitosha. Samaki wazima. Asanteni nyote.